Charles Blackley na Vumbi la Maua

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kwamba ua haliwezi kufanya mbegu mpaka chavua iwe imefika mahali pake. Tuliona pia kwamba mimea hutumia wasafirishaji wa namna mbalimbali. Mimea yenye maua ya rangi nzuri, harufu na asali huwategemea nyuki, vipepeo na wadudu wengine. Chavua yake ni nzito na hunata, kwa hiyo hukaa vyema juu ya miguu ya nyuki. Lakini mimea mingine haina haja ya mdudu. Tazama mbelewele za mahindi: hazina rangi ya kupendeza wala asali. Ukizitikisa asubuhi siku isiyo na mvua, unga wa manjano huanguka na kuchukuliwa na upepo. Unga huo ndio chavua.

Mmea uchavushwao kwa upepo ni kama mkulima arushaye mbegu huku amefumba macho. Kwa kila punje moja ya chavua ifikayo kwenye ua la mwenzake, punje nyingi mno hupotea. Je, hizo zilizopotea huenda wapi? Nyingine huanguka ardhini, nyingine majini, na nyingine juu ya mapaa ya nyumba. Nyingine huingia puani mwa watu. Mtu wa kwanza kufuatilia safari hiyo kwa vipimo na kwa hesabu alikuwa tabibu mmoja Mwingereza, jina lake Charles Harrison Blackley.

Blackley alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Bolton, kaskazini ya Uingereza. Hakuanza maisha kama tabibu. Ujana wake aliutumia katika kazi ya uchapaji na uchongaji wa picha za vitabu mjini Manchester, mji uliojaa viwanda vya nguo na moshi wa makaa ya mawe. Kazi ya uchongaji hutaka jicho kali na mkono usiotetemeka, na huenda ndiyo iliyomfundisha uvumilivu ambao tutauona baadaye. Saa za jioni alijisomea elimu ya mimea na kemia, akajifunza pia kutumia hadubini. Alipofika umri wa miaka 35, wakati watu wengi huwa wamekwisha kutulia katika kazi zao, aliingia chuo cha utabibu mjini humo. Alihitimu mwaka 1858.

Tabibu huyu alikuwa na shida yake mwenyewe. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Mei, macho yake yalianza kuwasha na kutoa machozi. Pua ilitiririka maji, akapiga chafya mfululizo, na baadhi ya siku kifua kilimbana hata akapumua kwa taabu kama mwenye pumu. Hali hiyo ilidumu Juni yote, ikapungua mwezi wa Julai, kisha ikatoweka mpaka mwaka uliofuata. Ugonjwa huu ulikuwa umeelezwa vizuri kwa mara ya kwanza na daktari mwingine Mwingereza, John Bostock, mwaka 1819. Naye aliandika juu ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa aliugua tangu utotoni. Watu waliuita homa ya nyasi kavu, maana ulikuja wakati wakulima wa huko wakatapo nyasi na kuzikausha kwa ajili ya chakula cha mifugo. Jina hilo halikufaa sana. Mgonjwa kwa kawaida hana homa, na nyasi zilizokwisha kukauka sizo zenye hatia kubwa.

Kwa nini watu waugue katika majira hayo tu? Wataalamu walitoa majibu mengi. Bostock mwenyewe alidhani ni joto la jua la kiangazi. Huko Ujerumani, Profesa Philipp Phoebus alikusanya habari za wagonjwa wengi na kutoa kitabu mwaka 1862, naye pia alilitaja joto la mwanzo wa kiangazi kuwa miongoni mwa visababishi. Wengine walisema ni harufu ya nyasi, wengine vumbi la kawaida, na wengine walitaja ozoni, ile gesi ambayo wakati huo ilikuwa ikizungumzwa sana na wanasayansi. Palikuwa na watu waliosema ni chavua, lakini neno lao halikuwa na nguvu kuliko maneno ya wengine, kwa kuwa hakuna aliyelipima.

Blackley aliamua kuyapima yote. Ili kujua kama kitu fulani ndicho kisababishi, hapana budi kukitenga na vitu vingine, kisha kukijaribu peke yake. Blackley alihitaji mtu wa kumfanyia majaribio, mtu ambaye kwa hakika huugua. Hakumtafuta mgonjwa mwingine. Alijitoa mwenyewe.

Alivuta ozoni. Alijaribu harufu za mimea na za dawa za kemikali, pamoja na ile inayofanya nyasi zilizokatwa zinukie. Alikaa kwenye joto na kwenye mwanga. Baadhi ya vitu hivyo vilimwudhi kidogo, lakini hakuna kilichomletea ugonjwa wake kamili kama aujuavyo. Basi akavifuta kimoja baada ya kingine. Mwanafunzi asidhani kwamba kazi ya namna hii ni hasara. Jaribio linaloonyesha kwamba dhana fulani si kweli huipunguza orodha ya dhana zilizosalia.

Siku moja alikuwa akitembea katika njia ya shamba. Gari la farasi likapita na kutimua vumbi, naye akashikwa na chafya kali. Mtu mwingine angesema tu kwamba vumbi ni baya. Lakini Blackley alikuwa amekwisha kupita katika vumbi mara nyingi, wakati wa majira mengine, bila kuugua hivyo. Vumbi hili lilikuwa na nini? Alirudi mahali pale, akachukua sehemu ya vumbi lile na kulitazama kwa hadubini. Alikuta ndani yake punje za chavua ya nyasi.

Sasa alikuwa na mtuhumiwa. Alikusanya chavua ya nyasi za aina nyingi na kuihifadhi, ili aweze kuijaribu hata wakati wa baridi, ambapo nje hapakuwa na ua hata moja. Kujaribu nje ya majira ilikuwa ni akili kubwa, kwa maana kama angeugua katikati ya baridi, asingeweza mtu kusema kwamba ni joto au jua. Alivuta chavua kidogo puani: pua ikavimba na kuanza kutiririka. Aliitia katika jicho moja: jicho likawa jekundu na kuvimba. Kisha alifanya jaribio lililo maarufu kuliko yote. Alikwaruza ngozi ya mkono wake mmoja kwa kisu cha tabibu, akapaka chavua iliyoloweshwa maji, akafunga kitambaa. Mkono wa pili aliukwaruza vilevile, akaulowesha na kuufunga, lakini hakutia chavua. Baada ya dakika chache mkono wenye chavua ulianza kuwasha sana na kuvimba. Mkono wa pili haukuwa na lolote.

Tuangalie kwa makini jaribio la mikono miwili. Kwa nini Blackley aliujeruhi mkono wa pili, hali alijua kwamba hataupaka kitu? Kama angekwaruza mkono mmoja tu, tusingejua kama uvimbe umeletwa na chavua au na kisu chenyewe. Mikono yote miwili ilipata kisu, maji na kitambaa. Tofauti ilikuwa moja tu. Madaktari wa leo hufanya jaribio linalofanana na hilo kila wanapotaka kujua ni kitu gani kinachomdhuru mgonjwa: huweka matone mbalimbali juu ya ngozi, huichoma kidogo, na daima huacha tone moja la maji ya chumvi lisilo na kitu kingine.

Hata hivyo kazi haikuwa imekwisha. Kuonyesha kwamba chavua iliyokusanywa kwa mkono humwuguza mtu si sawa na kuonyesha kwamba hewa aivutayo ina chavua ya kutosha. Blackley alipaka vipande vya kioo maji mazito yanatayo, akaviweka shambani kwenye kimo cha pua ya mtu, akaviacha kwa saa 24. Kisha alivitazama kwa hadubini na kuhesabu punje zilizonaswa katika sentimita moja ya mraba. Alifanya hivyo siku baada ya siku, majira yote. Punje ya chavua ya nyasi ni ndogo hata kama 30 zikipangwa mstari mmoja hufanya milimita moja tu. Kwa hiyo waweza kufikiri jinsi kazi hiyo ilivyochosha macho. Alipoziandika hesabu zake kwa utaratibu aliona jambo la ajabu. Chavua ilianza kuonekana alipoanza kuugua. Ilizidi sana mwezi wa Juni, alipoumwa zaidi. Siku ya mvua chavua ilipungua, naye alipata nafuu. Na sehemu kubwa sana ya chavua hiyo ilikuwa ya jamii ya nyasi.

Palikuwa na swali moja gumu. Watu waliokaa katikati ya mji, mbali na mashamba, waliugua pia. Je, chavua iliwafikiaje? Blackley alitengeneza tiara kubwa, kama zile ambazo watoto hurusha, akafunga vioo vyake juu yake na kuvirusha zaidi ya futi 1,000, yaani zaidi ya mita 300. Alipovishusha alikuta vimejaa chavua, tena nyingi kuliko ile iliyonaswa karibu na ardhi. Basi chavua haikai pale ilipozaliwa. Hupanda juu na hewa ya joto, ikasafiri mbali, ikashuka penye watu ambao pengine hawajaliona shamba lenyewe.

Mambo haya yote aliyatoa katika kitabu mwaka 1873. Nakala moja ilimfikia Charles Darwin, mtaalamu mkubwa wa viumbe, ambaye alivutiwa nayo na kumwandikia barua. Lakini wenzake katika utabibu hawakukubali upesi. Blackley alikuwa mfuasi wa tiba iitwayo homiopathi, ambayo madaktari wengi waliidharau, na ambayo kwa hakika haijathibitishwa na sayansi. Walakini kosa la mtu katika jambo moja haliharibu vipimo alivyovifanya vizuri katika jambo jingine. Aliona pia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulieleza vya kutosha: wakulima, ambao ndio wanaovuta chavua nyingi kuliko watu wote, waliugua kwa nadra, hali watu wa mjini na wenye kazi za kukaa ndani waliugua zaidi. Jambo hilo bado linachunguzwa. Wataalamu wa siku hizi wameona kwamba watoto wanaokulia pamoja na mifugo mashambani, katika nchi kadhaa za Ulaya, hupata ugonjwa huu kwa uchache kuliko wenzao.

Wakati Blackley akihesabu chavua za nyasi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki daktari mwingine alikuwa na tatizo la namna hiyohiyo. Morrill Wyman, wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, aliugua si mwanzo wa kiangazi bali mwisho wake, kuanzia mwezi wa Agosti. Nyasi nyingi huwa zimekwisha kuchanua wakati huo. Wyman aliona kwamba akienda kwenye milima fulani, ugonjwa humwacha. Alilituhumu gugu moja liitwalo ambrosia, ambalo huota kando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Alilichukua likiwa limechanua, akalifungia, akalipeleka huko milimani alikokuwa mzima. Alipofungua furushi na kunusa, yeye na mwanawe walishikwa na chafya na machozi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kile cha Blackley.

Ambrosia ni mfano mzuri wa gugu lisiloonekana kuwa na ubaya. Maua yake ni madogo, ya kijani, na mpita njia hayatazami. Karibu nalo huota mmea mwingine wenye maua mazuri ya rangi ya dhahabu, ambao huchanua wakati uleule. Kwa muda mrefu watu waliulaumu huo wa dhahabu, kwa sababu waliuona. Lakini wewe umekwisha kujifunza kanuni: ua zuri lina chavua nzito ichukuliwayo na wadudu, nayo haielei hewani kwa wingi. Ua la kuogopwa na mwenye ugonjwa huu kwa kawaida ni lile lisilo na uzuri.

Sasa tuulize chavua humdhuruje mtu. Haina sumu. Watu wengi huivuta kila siku wasijue. Mwaka 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Austria alitunga neno la kitaalamu kwa hali ya mwili kubadilika na kukikataa kitu kisichodhuru wengine. Kwa Kiswahili tunaiita mzio. Mwili wa kila mtu una askari wake, waitwao kingamwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu. Mwili wa mwenye mzio hukosea: huidhania chavua kuwa adui. Mara ya kwanza hutengeneza kingamwili za namna ya pekee, ambazo ziligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967, nazo hukaa juu ya chembe fulani zilizomo katika pua, macho na mapafu. Chavua ijapo tena, kingamwili hizo huishika, na zile chembe hufunguka na kutoa kemikali iitwayo histamini. Histamini ndiyo iletayo mwasho, uvimbe na maji ya pua.

Hapa ndipo tunapoelewa jambo jingine alilolikuta Blackley. Alipojaribu nyasi za aina nyingi, aliona kwamba zilimwuguza kwa namna ileile, hata kama zilikuwa na majina mbalimbali. Fikiri juu ya mlinzi wa ghala aliyeonyeshwa mtu mmoja na kuambiwa asimruhusu aingie. Kesho yake akaja ndugu wa mtu huyo, mwenye sura na kimo kama chake. Mlinzi atamzuia huyu naye, ingawa hajapata kumwona. Kingamwili hufanya vivyo hivyo. Haisomi jina la mmea. Hutambua umbo la protini iliyomo katika chavua. Mimea ya jamii moja ina protini zenye maumbo ya kufanana. Kwa hiyo mtu mwenye mzio wa nyasi moja aweza kuugua kwa nyasi nyingine nyingi. Hali hii huitwa mzio mtambuka.

Mzio mtambuka hauishii katika chavua peke yake. Baadhi ya watu wenye mzio wa ambrosia, wakila tikiti au ndizi mbivu, huona mwasho mdomoni na kooni. Mwenye mzio wa artemisia ya Ulaya aweza kusumbuliwa na mboga iitwayo seleri, tena na artemisia nyingine, miongoni mwao ile inayolimwa Afrika Mashariki kwa ajili ya dawa ya malaria. Lakini si kila mwenye mzio mmoja hupata na wa pili. Asiache mtu kula matunda kwa hofu tu. Daktari ndiye wa kupima.

Kwetu pia yupo ndugu wa ambrosia. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, asili yake ni Amerika. Lilionekana Arusha mwaka 2010, na limeenea kando ya barabara na katika malisho ya sehemu kadhaa za Afrika Mashariki. Liko katika jamii ya alizeti, pamoja na ambrosia na artemisia. Uchunguzi uliofanywa India, ambako gugu hili lilienea miaka mingi kabla, umeonyesha kwamba chavua yake huleta mafua ya mzio, na kwamba kingamwili zinazoitambua ambrosia huweza kulitambua na gugu karoti. Tena kulishika kwa mikono huwaletea watu wengine upele wenye kuwasha, ambao hutokea kwa njia nyingine mwilini. Anayeling'oa avae glavu na kufunika pua, na aling'oe kabla halijachanua.

Blackley alifariki mwaka 1900. Hakupata dawa ya kuondoa ugonjwa wake. Kila mwaka, nyasi zilipochanua, alipiga chafya kama kawaida. Miaka 11 baadaye, mwaka 1911, Leonard Noon, daktari wa hospitali ya St Mary's mjini London, alitangaza kwamba alikuwa akiwachoma wagonjwa sindano za maji ya chavua ya nyasi, kwa vipimo vidogo vilivyoongezwa polepole, ili mwili uizoee. Noon alifariki mwaka 1913 kwa kifua kikuu, akiwa kijana bado. Mwenzake, John Freeman, aliiendeleza kazi hiyo, na tiba yenye msingi huo inatumika mpaka leo.

Nanyi mwaweza kufanya jaribio la Blackley shuleni. Ngojeni mahindi yachanue. Chukueni vipande vinne vya kioo, vipakeni mafuta mazito ya mgando kwa wembamba, na vifungeni juu ya vijiti kwenye kimo cha pua zenu: kimoja katikati ya shamba, kimoja hatua 20 kutoka shambani, kimoja hatua 100, na kimoja ndani ya darasa. Viacheni tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili. Chavua ya mahindi ni kubwa kuliko za nyasi nyingi, karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo hata kioo cha kukuzia chaweza kuionyesha kama vitone vya manjano. Hesabuni vitone katika sentimita moja ya mraba ya kila kioo, mwandike pia kama kulikuwa na mvua au upepo, na upepo ulivuma kutoka upande gani. Rudieni siku 5. Mwanafunzi mwenye pumu asikaribie mbelewele. Yeye awe mwandishi wa hesabu.